Mwalimu Anajibu: Daftari Lina Michoro Tu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi na walezi wenye watoto wa darasa la awali. Nimechagua tatu. Darasa hilo nimelifundisha huku Pangani mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona kwa watoto wenyewe.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali katika shule ya serikali tangu Januari. Mtoto wa jirani anasoma inglishi midiamu, anaandika A mpaka Z na moja mpaka mia. Wangu daftari lake lina michoro tu. Nikimuuliza wamefanya nini, ananiambia wameimba, wamefinyanga, wamecheza duka. Nimeanza kumkalisha jioni aandike herufi, lakini analia. Kweli huko anajifunza kitu?
Mama wa mtoto mmoja, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hayo maandishi ya jioni yaache kwa sasa. Mtoto anayelia mbele ya daftari anajifunza kuliogopa, na hofu hiyo ataingia nayo darasa la kwanza.

Sasa tuyaangalie hayo aliyokusimulia. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016, ambao ndio niliofundishia, haukuwa na somo linaloitwa Kusoma wala Kuandika. Ulizungumzia umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa, na hisabati za mwanzo. Shughuli moja ilipewa dakika 20, maana mtoto wa umri huo hatulii zaidi ya hapo. Kusoma kumo ndani ya kuwasiliana, na kunaanzia sikioni.

Kabla mtoto hajaonyeshwa herufi, inafaa asikie kwamba neno lina vipande. Sisi tulipiga makofi kwa majina yao. Ha-li-ma, makofi matatu. Ju-ma, mawili. Mwenye jina refu ndiye aliyefurahi kuliko wote. Wakishazoea nawaambia: semeni "kalamu", sasa toeni "ka". Wanabaki na "lamu", na wanarudia tena na tena kwa sababu imewafurahisha. Halafu tunageuza irabu peke yake: kaka, keke, koko, kuku. Mtoto anayeuweza mchezo huo kwa mdomo, siku ukimwandikia "ka" ubaoni unampa alama ya kitu ambacho tayari anacho kichwani.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Irabu ni tano tu, kila moja inatamkwa vilevile popote ilipo, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Akielewa ba, be, bi, bo, bu, akaelewa na si kuimba tu, maneno mengi atayasoma mwenyewe bila kufundishwa moja moja. "Ng'ombe" na "mwanafunzi" ni vigumu zaidi, navyo vina wakati wake darasa la kwanza na la pili, ambako tangu 2015 mkazo umewekwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Mtoto wa jirani simlaumu hata kidogo. Ila A mpaka Z kwa kukariri ni majina ya herufi, na jina la herufi halimwambii mtoto inasikikaje ndani ya neno. Muulize kwa upole neno "embe" linaanza na sauti gani. Akikujibu, yuko vizuri. Asipoweza, kusoma bado, hata kama mwandiko wake unapendeza.

Kuhusu kuandika, angalia mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka mitano baadhi ya mifupa hiyo bado ni gegedu, yaani laini, haijakomaa kuwa mfupa. Vidole vyake vinahitaji kazi kabla ya kubanwa kwenye mstari wa daftari: kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua mchicha, kudaka vijiwe vya mdako, kuchora mchangani kwa kijiti. Hapo kwenu Kigamboni mchanga haukosekani.

Nalo duka usilidharau. Darasani kwangu kona ya duka ilikuwa na pakiti tupu za majani ya chai, chupa za mafuta ya kula zilizooshwa, na vizibo vya soda ndivyo hela. Siku moja muuzaji alikuwa msichana mdogo, mkimya. Alishika penseli na kipande cha boksi, na kila mteja aliyekopa alimchorea mstari wa kujipindapinda. Nikamwomba anisomee. Akaweka kidole mwanzo wa mstari wa kwanza, akakitembeza kutoka kushoto kwenda kulia: "Mama Asha, sukari nusu, hajalipa." Akashuka wa pili: "Babu, sabuni, atalipa kesho." Nikamwacha kidogo, nikarudi kumuuliza tena, akasoma vilevile. Nje ya jina lake hakujua kuandika kitu, lakini alishajua kwamba maandishi yanatunza maneno, kwamba yana upande wa kuanzia, na kwamba ukiyarudia yatasema yaleyale. Nilimwita mwalimu mwenzangu aje aone. Mimi kile kipande cha boksi nakithamini kuliko kurasa kumi za herufi zilizonakiliwa kutoka ubaoni.

Kwa hiyo jioni mkae mzungumze. Mwambie "hadithi hadithi", mtegee vitendawili, mwache naye akutegee. Ukienda sokoni andika mahitaji mbele yake huku unayatamka, umpe karatasi aishike yeye. Jina lake liandike kwenye begi na kwenye chupa yake ya maji, alizoee. Muhula wa mwisho ukifika naye hatambui jina lake likiwa limeandikwa, au hawezi kukusimulia jambo la jana likaeleweka, nenda kakae na mwalimu wake. Kabla ya hapo, mwache acheze duka.

SWALI: Mjukuu wangu anashika penseli kwa mkono wa kushoto. Namhamishia kulia, nikigeuka amerudisha. Mwalimu wake anasema nimwache. Mimi naona ni kumlea bila adabu.
Babu, Korogwe

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Adabu unayoitaka ni ya haki, nami nimelelewa hivyohivyo. Kula na kusalimia kwa mkono wa kulia mfundishe, ataweza. Lakini penseli mwachie. Karibu mtu mmoja katika kila kumi ni mashoto, na hilo ni umbile, halitokani na ujeuri. Ukimlazimisha, akili yake yote inaishia kwenye kupambana na mkono, na kile alichotaka kuandika kinampotea.

Msaada unaoweza kumpa ni huu. Karatasi aiinamishe kidogo upande wa kulia, ashike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika, na shuleni aketi mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake. Hilo la dawati mwombe mwalimu, ni jambo dogo.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nyumbani kwetu tunaongea Kisukuma. Mtoto wangu wa kiume ameanza darasa la awali mwaka huu, na mwalimu anasema hajibu akiulizwa, tena upande wa "kuhusiana" yuko nyuma. Mke wangu anataka tuache kabisa Kisukuma nyumbani. Na hiyo kuhusiana ndiyo maarifa ya jamii? Mtoto wa miaka mitano anafundishwa nini huko?
Baba, Kwimba

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho. Ndiyo, kwa umri wake maarifa ya jamii ni hayo. Ramani na majina ya viongozi vitakuja baadaye. Sasa hivi anajifunza jina lake kamili, anakaa wapi, nani ni nani nyumbani kwao, mkubwa anaamkiwaje. Anajifunza kuomba badala ya kunyakua, kusema "nimekasirika" badala ya kupiga, na kusubiri zamu. Hilo la zamu ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini wengi wetu tumefundisha zaidi ya hao, na kikombe cha maji ni kimoja. Mtoto aliyeweza kusimama pale kwenye ndoo mpaka zamu yake ifike bila kumsukuma mwenzake, nilimsifu mbele ya darasa zima, kwa sababu amefanya jambo zito. (Na walimu mnaosoma hapa: mtoto akiambiwa achore watu wa kwao akamchora bibi peke yake, msimwambie amesahau. Pengine hajasahau.)

Kisukuma msikiache. Hiyo ndiyo lugha anayochekea, anayosimulia, anayoulizia maswali. Mkiibadilisha kwa Kiswahili ambacho wazazi wenyewe mnakisema kwa kubana, mtamnyima mazungumzo, na mazungumzo ndiyo anayoyahitaji zaidi. Lugha hizi mbili zote ni za Kibantu, silabi zake zinafanana sana. Sikio lililozoea kukata maneno ya Kisukuma litayakata na ya Kiswahili. Kiswahili atakihitaji kwa kweli, maana shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa lugha hiyo, lakini kwa umri wake kinaingia upesi kwa michezo na nyimbo. Mtafutieni marafiki wanaokiongea, wacheze kombolela uani.

Kwa mwalimu nenda na maombi mawili. Amketishe jirani na mtoto anayejua lugha zote mbili, na amruhusu ajibu kwa Kisukuma pale Kiswahili kinapomkwama. Ningekuwa mimi, asubuhi moja ningemwita mbele alifundishe darasa kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mtoto aliyewahi kuwa mwalimu wa wenzake, hata kwa neno moja, harudi kukaa pembeni kirahisi.

Ukimya wa miezi ya mwanzo kwenye lugha ngeni ni wa kawaida. Anasikiliza, anakusanya. Nataka tu uangalie jambo moja: nyumbani je? Akifika kwenu akaongea mpaka mkamnyamazisha, subirini. Lakini ikiwa hata kwa Kisukuma ni mkimya, au ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, au masikio yake hutoa usaha, mpelekeni hospitali wakayapime. Msingoje muhula uishe.