Kabla Hamjaikata Halimeda

Nimeona tena picha ya Halimeda, mwani wa baharini wenye pingili za chokaa tunaoufuga kwenye tangi, ikiwa imekatwa ncha zote, na chini yake swali lile lile: mbona haikui? Haikui, wadogo zangu, kwa sababu mmekata kilichokuwa kinakua.

1. Pingili mpya huchipuka usiku zikiwa nyeupe, kisha kloroplasti, yaani vijichembe vya kijani vya mwani, huingia ndani yake na kuzigeuza kijani. Ukikuta asubuhi ncha nyeupe na laini juu ya pingili za kijani, weka mkasi chini uende zako. Mimi sikwenda zangu. Niliamini ni ugonjwa, nikazikata. Mwani ukachipua tena, nami nikaona ugonjwa umerudi, nikazikata tena huku nikijisifu kwa usafi wa tangi langu, na nilipoona shina limedumaa nikaongeza mwanga, kana kwamba tatizo lilikuwa taa. Kilichoniokoa ni kuchelewa kazini: ncha niliyoiacha asubuhi ili niikate jioni niliikuta kijani kibichi.

2. Weupe wa pili ndio wa kuogopwa. Jioni mtaona vijishanga vya kijani vimejipanga kwenye kingo za pingili, huku pingili zenyewe zikififia. Hapo mwani unahamisha uhai wake wote kwenye gameti, yaani chembe za uzazi, utazimwaga alfajiri na kuacha mifupa mitupu ya aragonaiti, aina ya chokaa. Msiulize dawa, kwa kuwa haipo. Ihamisheni Halimeda hiyo kwenye ndoo usiku huo huo, na kama mmechelewa na maji yamekwisha kuwa kijani, ongezeni hewa na mbadilishe sehemu ya maji.

3. Maji ya tangi yawe na kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, KH (kipimo cha kaboneti majini) digrii 8 hadi 9, magnesiamu karibu miligramu 1300 kwa lita. Pimeni kwanza, ndipo mmimine, na kamwe msimimine kalisi na kaboneti mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kijana mmoja alinionyesha kwa furaha maji yaliyogeuka maziwa, akidhani tangi limeshiba. Kumbe chakula chote cha Halimeda kilikuwa kinatua juu ya pampu kama chokaa.

4. Halimeda incrassata hupandwa mchangani, Halimeda opuntia huegemezwa kwenye jiwe.

5. Fosfeti ikizidi huzuia chokaa kujengeka, lakini msiiondoe hadi sifuri, wala naitreti, kwa maana huu ni mwani, nao unakula.