Maji na tope ambavyo ripoti ya udongo haikuvitaja: andikeni kabla hamjaendelea kuchimba

Ndugu muuliza, umeeleza kuwa mnajenga kalavati la boksi katika bonde mojawapo la Dar es Salaam; kwamba ripoti ya udongo iliyotolewa pamoja na nyaraka za zabuni ilionyesha maji yapo mita 4 chini, nanyi mmeyakuta kabla ya kufika mita 2, pamoja na tabaka la tope laini na bomba la maji lisiloonekana katika mchoro wowote; na kwamba mhandisi mshauri amewajibu kwa mdomo, "Endeleeni, hayo tutayamaliza mbele ya safari." Masharti ya mkataba wenu ni Kitabu Chekundu cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, linalotoa masharti ya mfano ya mikataba ya ujenzi), toleo la 1999. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi kwa miaka mingi, kwanza upande wa makandarasi na baadaye upande wa washauri, na ningependa ulishike jambo hili: malipo yenu yatategemea mtakachoandika katika wiki hizi kuliko ukubwa wa tatizo lenyewe.

Msisimamishe kazi yote. Kifungu cha 4.12 cha masharti hayo, kinachohusu hali za eneo zisizotarajiwa, kinamtaka mkandarasi aendelee na ujenzi kwa hatua zinazofaa na za busara kulingana na hali aliyoikuta, na kutii maelekezo ya mhandisi. Sehemu ya bomba peke yake ndiyo mnayopaswa kuiacha hadi mwenye bomba atakapofika na kulitambua, kwa sababu eskaveta ikilipasua mtajikuta mnajibu dai la mtu mwingine badala ya kuwasilisha lenu.

Watu wengi huamini kwamba, kwa kuwa ardhi ni ya mwajiri, yaani mwenye mradi, yaliyofichika chini yake ni mzigo wa mwajiri. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu huirejea sana katika mikataba, haisemi hivyo. Mwaka 1876 Bunge la Malodi la Uingereza, likikaa kama mahakama ya rufaa, liliamua, katika shauri la mkandarasi Thorn lililohusu daraja la Blackfriars jijini London, kwamba mwajiri hahesabiwi kuwa ametoa dhamana ya kimyakimya kuwa kazi itawezekana kujengwa kama michoro inavyoonyesha. Haki yenu, kwa hiyo, inatoka katika maneno ya mkataba, na kifungu cha 4.12 kinafungua mlango kwa hali ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia kwa kiasi cha kuridhisha hadi tarehe ya kuwasilisha zabuni.

Kipimo hicho ndicho kitakachopiganiwa, na ripoti peke yake haitawavusha. Mahakama Kuu ya Uingereza ilipoamua mwaka 2014 shauri la handaki la barabara chini ya njia ya ndege ya Gibraltar, ambalo mkataba wake ulitumia masharti ya FIDIC ya 1999, mkandarasi alidai kuwa udongo uliochafuka ulizidi kile ripoti ilichomwonyesha. Jaji hakukubali. Alisema mkandarasi mzoefu hawezi kuipokea ripoti na kuikomea hapo. Anatakiwa kuisoma pamoja na historia ya eneo na kujifanyia tathmini yake mwenyewe. Sasa jiwekeni katika nafasi hiyo. Mashimo ya uchunguzi yalichimbwa mwezi gani? Kama yalichimbwa Septemba, mwisho wa kiangazi, mhandisi atauliza kwa haki kabisa ni mkandarasi gani wa Dar es Salaam asiyejua kwamba maji ya mabondeni hupanda baada ya masika. Kama yalichimbwa Mei na bado yakaonyesha mita 4, hoja yenu ina nguvu sana. Angalieni pia umbali kati ya mashimo hayo na mahali mlipo, kwa maana tabaka la tope la mkondo wa zamani wa mto linaweza kupita katikati ya mashimo mawili bila kuguswa na lolote. Tope hilo, kwa maoni yangu, ndilo dai lenu lenye mizizi. Maji yana mashaka zaidi.

Kuna jambo jingine kuhusu maji ambalo limewaangusha wengi. Kifungu cha 4.12 kinahusu hali za chini ya ardhi na za maji ya ardhini, lakini kimeitoa nje hali ya hewa. Maji yaliyopanda kutoka chini yanaweza kudaiwa. Mvua iliyojaza shimo haidaiwi kwa kifungu hicho, na ikiwa ilikuwa kali kupita kawaida itawapa muda wa ziada kwa kifungu cha 8.4, bila fedha. Msipotenganisha vitu hivyo viwili, mhandisi ataviweka vyote katika fungu la mvua. Katika mradi mmoja niliousimamia kwa upande wa washauri, mkandarasi alileta rundo la kurasa zilizoandikwa "pampu ilifanya kazi siku nzima", bila ukubwa wa pampu, bila saa ya kuwasha wala kuzima, na sikuwa na namna ya kupendekeza alipwe zaidi ya sehemu ndogo ya alichodai, ingawa niliyaona maji kwa macho yangu. Katika mradi mwingine, fundi mkuu alipima kina cha maji kila asubuhi kabla ya pampu kuwashwa, akawa na bomba la kutazamia kina cha maji ya ardhini lililosimikwa nje ya shimo na kipima mvua kando ya ofisi, na mkaguzi wa saiti akasaini karatasi kila jioni. Siku zisizo na mvua hata tone, maji yalirudi kwenye kina kilekile. Hapakuwa na la kubishania.

Kwa hiyo andikeni leo. Kifungu cha 4.12 kinataka taarifa mapema iwezekanavyo, ikieleza hali iliyokutwa na sababu za kuiona haikutarajiwa, ili mhandisi aje kuikagua ikiwa bado inaonekana. Kifungu cha 20.1 kinataka taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu mlipojua, au mlipopaswa kujua. Siku zikipita, mnapoteza muda wa ziada na fedha, na mwajiri anakuwa hana deni kwenu kwa jambo hilo. Barua moja inaweza kubeba taarifa zote mbili mradi ivitaje vifungu vyote viwili. Haihitaji hesabu: tarehe, mahali, kilichoonekana, tofauti yake na ripoti, na kauli kwamba mtadai muda na gharama. Ipelekeni kwa njia iliyotajwa katika kifungu cha 1.3 na mpokee nakala yenye mhuri. Picha za WhatsApp ni viambatisho vizuri, lakini msizitegemee kuwa taarifa.

Kuhusu "endeleeni" aliyosema mhandisi, kifungu cha 3.3 kimewapa dawa ambayo makandarasi wengi hawaitumii. Agizo la mdomo likithibitishwa nanyi kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asipolijibu kwa maandishi ndani ya siku 2 nyingine za kazi, uthibitisho wenu unahesabiwa kuwa agizo lake la maandishi. Najua hofu iliyopo: kwamba barua ya namna hii itaonekana ni ugomvi na itawanyima kazi ijayo. Nimekaa meza zote mbili, na mshauri mwadilifu huipokea kwa ahueni, kwa sababu naye anahitaji karatasi ya kumwonyesha mwajiri na wakaguzi wa hesabu. Wakandarasi wadogo wanaofilisika kwa kuogopa barua moja wananiuma sana.

Katika hesabu, msitupe kila kitu ndani ya 4.12. Kifungu hicho hulipa gharama bila faida, na mhandisi anaruhusiwa kuangalia kama sehemu nyingine za kazi hiyo zilikuwa nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Iwapo ataagiza tope litolewe na mawe yajazwe, au msingi ubadilishwe, hayo ni mabadiliko ya kazi chini ya kifungu cha 13, na bei zake zina faida ndani yake. Dai lenye maelezo kamili linatakiwa ndani ya siku 42 tangu mlipoijua hali hiyo; maji yakiendelea kuwasumbua, dai hilo huhesabiwa kuwa la muda, mkalihuisha kila mwezi, na la mwisho mkalileta ndani ya siku 28 baada ya athari kwisha. Atakayesoma hapa akiwa na toleo la 2017 ajue kwamba siku 42 zimekuwa 84, bali zile 28 za taarifa hazikuongezwa.

Mwenzetu mwingine aliyeuliza chini ya swali lako kama naye analindwa hivyo katika uchimbaji wa kisima asitafute 4.12 katika mkataba wake wa kurasa chache, kwa kuwa huenda hakimo. Mikataba ya kazi ndogo inayofuata mfano wa Benki ya Dunia hulinganisha hali iliyokutwa na taarifa walizopewa wazabuni, taarifa zilizo wazi kwa umma na ukaguzi wa macho wa eneo, na fidia hupungua pale ambapo kukosa kutoa tahadhari mapema kumemwumiza mwajiri. Kama hata hilo halimo, ajadili kabla ya mtambo kuingia saiti: bei ya mita katika udongo iwe tofauti na bei ya mita katika mwamba, na ielezwe wazi nani atalipa iwapo kisima kitatoka kikavu.