Waya wa gia unaopita ndani ya fremu

Unataka kubadilisha waya wa gia unaopita ndani ya fremu ya baiskeli? Usiuchomoe kwanza! Ufungue upande wa nyuma, toa ganda la nje, kata ncha iliyochanuka, kisha uvishe mrija mwembamba wa plastiki hadi utokeze tundu la mbele. Hapo ndipo uvute waya. Mpya utapita humohumo.

Kama umeshauchomoa, pole. Funga kipande cha sponji kwenye uzi, kiingize tundu la mbele, ziba matundu mengine, halafu fyonza kwa mashine ya vumbi kutoka nyuma. Uzi ukitokeza, uvutie mrija. Sumaku nayo husaidia kuuongoza waya kutoka nje, ila fremu ikiwa ya chuma, sumaku itang'ang'ania bomba lenyewe la fremu. Mimi nilihangaika saa mbili nzima na spoku iliyokunjwa, bure kabisa.