Simu ya laki nne na nusu na ya milioni tatu: unalipia nini hasa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa duka la vitambaa, nina shilingi 600,000 na nataka simu ya kazi: WhatsApp ya biashara, programu ya benki na kupiga picha za bidhaa. Duka moja wamenionyesha simu mpya ya 450,000, boksi limeandikwa RAM 8+8, kamera megapikseli 108, betri mAh 5,000. Kwingine nimepata Samsung Galaxy S21 iliyotumika kwa 600,000. Duka la tatu wana simu mpya ya 600,000 kwa mkopo: kianzio 100,000, halafu 2,500 kila siku kwa mwaka mzima. Shemeji yangu ana ya milioni tatu na anasema hizo zote ni takataka. Bei za simu zinaendana kweli na kilichomo ndani, au tunapigwa?
Muuza vitambaa, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Simu za bei ya katikati ndizo ambazo pesa yako inarudi kwa matumizi. Anayepigwa kirahisi ni anayenunua ya bei ya chini akidhani ameokoa pesa. Na katika hizo ulizotaja, ya mkopo ndiyo inayoumiza kuliko zote. Zidisha 2,500 kwa siku 365 upate 912,500, ongeza kianzio: 1,012,500. Simu ya laki sita umeilipia zaidi ya milioni, na ukipitisha siku bila kulipa, programu iliyofungwa ndani inaizima hadi ulipe. Kama huna haraka ya kufa na kupona, iache.

Sasa tuifungue hiyo ya 450,000, kwa sababu boksi lake limeandikwa kwa ustadi mkubwa. RAM, yaani memori ya muda ambayo simu hufanyia kazi, ikiandikwa 8+8 si GB 16. RAM halisi ni 8, na hiyo 8 ya pili ni kipande cha hifadhi, mahali zinapokaa picha zako, kinachoazimwa kifanye kazi ya RAM. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali, na kuiandika na kuifuta mfululizo kunaipunguzia uhai. Ukinunua simu ya namna hii, ingia Mipangilio, sehemu ya memori, zima huo upanuzi wa RAM, kisha izime simu na kuiwasha upya. Kwa simu yenye RAM 8 halisi hutaona pengo lolote.

Megapikseli 108 nazo zina maelezo yake. Kihisi, kile kipande kinachonasa picha, kinaunganisha vidoto 9 kuwa kimoja, kwa hiyo picha unayoipata kwa kawaida ni ya megapikseli 12. Si wizi, ndivyo kilivyoundwa, na mchana kweupe kinatoa picha safi. Kinachoamua picha ya kitenge ndani ya duka lenye taa moja ni ukubwa wa kihisi chenyewe, ubora wa lenzi, na kama lenzi ina kitulizi cha mtikisiko, kile kinachoandikwa OIS. Boksi likitaja kamera tatu na mbili kati yake ni za megapikseli 2, hesabu kwamba umenunua kamera moja. Hizo nyingine zimewekwa ili mgongo wa simu uonekane umejaa.

Jambo ambalo boksi halisemi ndilo lenye uzito: aina ya hifadhi na aina ya prosesa, yaani ubongo wa simu. Hifadhi za simu za Android kwa kawaida ni za aina mbili, eMMC na UFS. eMMC haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ni kama daraja la njia moja, gari likija upande huu, la upande ule linasubiri. UFS ina njia mbili. Ndiyo maana simu ya bei ndogo inaganda pale wateja watano wanapokutumia video WhatsApp huku wewe umefungua picha zako: simu inataka kuandika video na kusoma picha pamoja, na njia ni moja. Hifadhi ikijaa kupita asilimia 85 hali inakuwa mbaya zaidi, maana kabla ya kuandika kitu kipya inabidi kwanza itafute na kusafisha nafasi. Watu wengi huleta simu ya namna hii kwa fundi wakisema ina virusi. Haina virusi, imefika mwisho wa uwezo wake.

Unaweza kupima hapo hapo dukani. Pakua programu ya kupima kasi ya hifadhi, kama AndroBench, pima kasi ya kusoma mfululizo. Ikitoa MB 250 hadi 300 kwa sekunde, hiyo ni eMMC. Ikianzia 500 hadi karibu 1,000 ni UFS ya kizazi cha 2, na ikipita 1,500 ni ya kizazi cha 3 au zaidi. Kisha fungua programu ya CPU-Z uone jina la prosesa. Helio G85 ilitoka mwaka 2020, na bado mwaka 2024 ilikuwa inawekwa kwenye simu mpya, Galaxy A06 ikiwa mojawapo. Hakuna ubaya kama bei ni ndogo kweli. Kwa 450,000, prosesa ya umri huo ikiwa pamoja na eMMC, bei haina haki. Helio G99, ya mwaka 2022 na iliyotengenezwa kwa teknolojia mpya zaidi, inafanya kazi hizo kwa kasi zaidi na haipati moto haraka.

Kuhusu shemeji yako: simu ya milioni tatu si utapeli, ila bei yake haipandi sambamba na kazi inayofanya. Anachopata kweli ni picha za usiku, video tulivu, kioo kinachosomeka juani, na miaka mingi ya masasisho, yaani maboresho ya mfumo na ya usalama yanayotumwa na kampuni. Samsung waliahidi miaka 7 kuanzia Galaxy S24 ya Januari 2024, na Google wakatoa ahadi ya miaka 7 kwa Pixel 8 ya Oktoba 2023. Lakini angalia jinsi hifadhi inavyouzwa: iPhone 15 ilitoka kwa dola 799 ikiwa na GB 128, na dola 899 ikiwa na GB 256. Simu ni ile ile, prosesa ile ile, na nyongeza hiyo ya GB 128 inauzwa dola 100, kiasi kinachozidi kwa mbali gharama ya kipuri chenyewe. Hapo unalipia jina.

Njia ya haki ya kulinganisha ni kugawanya bei kwa miezi ambayo simu itakutumikia. Ya 450,000 ikichoka baada ya miezi 24, kila mwezi umelipa 18,750. Mpya ya katikati ya 600,000 taslimu ukaibadilishia betri ya 50,000 mara moja na ikafika miezi 48, umelipa kama 13,500. Ya milioni tatu, hata ikifika miaka 7 kwa betri moja ya 150,000, ni 37,500 kwa mwezi. Weka bei za mtaani kwako, mpangilio hautageuka sana.

Masasisho nayasisitiza kwa sababu ya hiyo programu ya benki. Simu isiyopata marekebisho ya usalama inabaki na milango wazi, na baadaye programu zenyewe huanza kuikataa. Mwaka 2025 WhatsApp waliacha kuhudumia iPhone zisizofika toleo la mfumo la iOS 15.1. Hapo ndipo S21 inapoanguka. Kwa vifaa vilivyomo ndani ni simu bora kuliko hiyo ya 450,000: hifadhi ni UFS 3.1, RAM 8 halisi, kioo cha AMOLED, kamera nzuri. Lakini ilitoka Januari 2021 na ahadi yake ilikuwa miaka 5 ya masasisho ya usalama, ambayo huhesabiwa tangu modeli itoke, si tangu wewe uinunue. Kwa laki sita unanunua simu nzuri iliyokwisha muda wake. Isitoshe, betri ni mAh 4,000 iliyokwishatumika, haina nafasi ya memori kadi, na kioo chake kikivunjika bei itakushtua. Kabla ya kununua modeli yoyote, muulize fundi kioo halisi chake ni shilingi ngapi.

Ushauri wangu: tafuta simu mpya ya katikati iliyoahidiwa masasisho marefu. Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024, kwa mfano, iliahidiwa miaka 6, na toleo lake la 4G linatumia hiyo Helio G99. Ukiipata ndani ya fungu lako ikiwa na RAM 6 au 8, usiitazame mara mbili ile ya megapikseli 108. Dai risiti ya EFD, bonyeza *#06#, na tuma namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 uone kama jina la modeli linalorudi ndilo la simu uliyoishika mkononi.

Kama roho yako bado iko kwa S21 kwa ajili ya picha, shusha bei sana, na benki iweke kwenye simu nyingine. Muuzaji aifute simu mbele yako kupitia Mipangilio, kisha iunganishe na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine au ikionyesha ujumbe wa kampuni ya mikopo, mrudishie, hata akiapa ataifungua kesho. Bonyeza *#0*# na upitie rangi nyekundu, kijani, bluu, ukitafuta mistari na kivuli cha kibodi kilichoganda upande wa chini. Mwisho cheza video kwa dakika 20, mwanga ukiwa juu kabisa. Chaji ikishuka zaidi ya asilimia 8, betri imechoka, na gharama ya mpya itoke kwenye bei ya muuzaji. Ukishaweka mpya, washa kinga ya betri kwenye Mipangilio ili chaji isimame kabla ya kujaa kabisa.