Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: zoezi la jirani linaweza lisikufae

Mkuu, umesema maumivu yanaanzia tako la kushoto yanashuka hadi vidoleni, na mazoezi ya kuinama uliyofundishwa na jirani yako hapo Tukuyu yameyazidisha. Pole sana. Mimi nilipatwa nikiwa napakia viazi Uyole, zile lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria. Nikikohoa tu, mguu mzima unawaka.

Mguu wenyewe hauna ugonjwa. Diski, yaani kile kimto kilicho kati ya pingili za kiuno, ikichomoza, inabana mzizi wa neva na kuuvimbisha, na maumivu yanafuata njia ya neva hiyo hadi chini. Kuchua paja hakugusi chanzo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea Mbeya mjini hakuharakisha kunipa mazoezi. Alinilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka hadi nikaruka. Akapima nguvu za kidole gumba cha mguu, akagonga goti na kisigino kwa kinyundo. Kisha akanilaza kifudifudi, nijiinue kwa viwiko, baadaye kwa mikono, nyonga zikibaki kitandani. Kila mara anauliza: "Sasa yamefika wapi?" Yalitoka unyayoni, yakapanda kwenye shavu la mguu, yakaja pajani, ingawa kiuno kiliuma zaidi. Akasema hiyo ni dalili njema: zoezi linaloyarudisha kiunoni endelea nalo, linaloyasukuma unyayoni acha.

Mwenye diski mara nyingi huumia akiinama. Ila mzee ambaye mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba hupata nafuu akiinama au akikaa, na zoezi langu lingemtesa. Huenda jirani yako ni wa kundi hilo.

Usishinde kitandani, tembea kidogo kidogo. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ukizimeza kila siku bila daktari, zinaweza kuumiza tumbo na figo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji.

Lakini mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, haja kubwa ikakuponyoka, ukapata ganzi sehemu za siri na unapokalia, au unyayo ukaanza kuburuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Hebu nijibu: yanazidi ukikaa na kuinama, au ukisimama na kutembea? Mtaalamu naye atakuuliza hilo mapema kabisa.