Unforgiven ilibeba Oscar ngapi?
Ndugu, umesema Unforgiven, ile filamu ya Clint Eastwood, ilibeba Oscar 7, na Eastwood akapata ya uigizaji. Hapana, Eastwood hakupata Oscar ya uigizaji kwa filamu hiyo. Aliteuliwa kweli, ila mwaka ule wa 1993 Al Pacino ndiye aliyeondoka nayo. Picha yenyewe iliteuliwa mara 9 ikabeba 4: filamu bora, mwongozaji bora (huyo huyo Eastwood), uhariri wa Joel Cox, na mwigizaji msaidizi, Gene Hackman. Hiyo ya Hackman ni haki yake kabisa. Sherifu anayemwigiza anajijengea nyumba, paa linavuja kila kona, halafu anamcharaza mtu viboko bila hata kupandisha sauti! Mwandishi David Webb Peoples ndiye aliyetoka mikono mitupu, na hapo mimi bado nabisha. Zile 7 unazozitaja ni za filamu nyingine, Dances with Wolves, 1991.