Anayempima mtoto asiwe ndiye anayemuuzia dawa

Mama Wawili, usiende Jumamosi. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye matatu hadi nikapitishwa steji yangu. Unasema kijana ana miaka 7, mwalimu analalamika kila siku kwamba hatulii wala hasikilizi, mtu amekutajia ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, na umepata "daktari wa lishe" hapo mjini mwenye mashine ya kumpima mwili mzima kwa elfu mbili. Tena unauliza kama chanzo ni sukari, na kama dawa za hospitali humfanya mtoto zombi. Nitakujibu yote, lakini kwanza hiyo mashine.

Ni kijichuma anachoshikishwa mtoto, waya unaingia kwenye laptopu, na kwenye skrini kuna mwili wa mtu unazungukazunguka, sivyo? Naijua. Ilinila 94,000.

Kijana wangu alikuwa Gredi ya 2. Diari yake ya shule ilikuwa wino mwekundu mtupu: hakumaliza kazi, ametoka darasani bila ruhusa, amepoteza sweta tena. Mtu wa chama cha mke wangu akatuelekeza ofisi fulani upande wa River Road, ghorofa ya nne, lifti imekufa. Tukamkuta jamaa wa koti jeupe na stethoskopu shingoni. Sikuwahi kumwona akiitumia, nadhani ilikuwa tai.

Kijana akapewa kile chuma, akaambiwa akishike dakika moja bila kusogea. Hebu fikiria: mtoto ameletwa kwa sababu hawezi kutulia, na kipimo chenyewe ni kutulia! Sekunde kumi hazikuisha, akaona njiwa dirishani, akakiangusha chuma kwenye zulia, huyoo. Mimi nikakitazama kile chuma. Kimelala peke yake, hakuna aliyekigusa. Mashine ikaendelea tu: asilimia 40, 70, 100. Printa ikatema kurasa sita. Ini limechoka. Kalisiamu iko chini. Ubongo una sumu ya risasi, ile metali ya lead. Na tezi dume ya mtoto wa miaka 7, "wastani". Kwa hiyo mwenye lile zulia akipita hapa, zulia lako lina ini bovu, litibu.

Niliyaona hayo yote na bado nikalipa. Watu huniuliza kwa nini, na mimi hujifanya kucheka. Ukweli ni kwamba yule jamaa aliniambia maneno matatu ambayo mwalimu, jirani na hata ndugu zangu hawakuwa wameniambia: "Si kosa lako." Baada ya hapo angeniuzia hata ile lifti. Mikebe ya unga wa kijani na matone ya kuweka chini ya ulimi, 46,000 kwa miezi mitatu. Nikachukua mkopo wa sacco. Miezi mitatu ilipoisha akasema sumu ndiyo imeanza kutoka, tukiacha sasa itarudi kwa nguvu. Nikalipa 46,000 nyingine. Yule mtu alinisoma kama gazeti.

Pesa nimeshazizika. Lakini mwalimu wa darasa alikuwa ametuandikia barua tumpeleke kijana akafanyiwe tathmini pale KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalum, Kasarani. Niliikunja nikaitia kwenye droo, kwa sababu "tayari yuko kwa matibabu". Ilikaa humo mwaka mzima. Mwaka huo wenzake walijua kusoma hadithi, yeye akajua kuketi nje ya darasa. Usiku mmoja akamuuliza mamake, "Sumu ikiisha kwa kichwa, na mimi nitajua kusoma?" Sisi ndio tulimwambia ana sumu. Mimi na zulia.

Na jamaa hata hakudanganya kila kitu, ndiyo maana alininasa. Risasi ni kweli huharibu umakini wa watoto, waulize watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliowekewa kiwanda cha kuyeyusha betri mlangoni. Lakini risasi hupimwa kwa damu, maabara, si kwa kushika chuma.

Sukari sahau. Mwaka 1994 Marekani walichukua hata watoto ambao wazazi wao waliapa sukari huwapandisha, wakawalisha sukari wiki kadhaa na vitamu bandia wiki nyingine bila familia kujua ipi ni ipi. Tofauti haikuonekana. Mimi nilinywesha nyumba nzima chai isiyo na sukari miezi minane. Mamangu alikuja kutoka Kitui, akaionja, akasema, "Huyu mtoto ni wewe mtupu, wewe ulikuwa unapanda meza ya mwalimu." Daktari baadaye alinieleza kwamba hili jambo hurithiwa sana. Utambuzi wa bure, na mama hakuwa na mashine.

Tulipofika hospitali hakuna aliyetuuzia kitu. Walimpima masikio na macho kwanza, wakauliza kama hukoroma, analala saa ngapi. Fomu moja yetu, nyingine ya mwalimu, kwa sababu dalili lazima zionekane mahali pawili au zaidi, zidumu miezi sita, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kisha tukafundishwa sisi wazazi: agizo moja kwa wakati mmoja, na umsifu palepale. Kwa umri wake akapewa pia methilfenideti, ile wengi huita Ritalin. Zombi hakuwa. Mtoto akizubaa, huenda dozi imezidi, mwambie daktari aipunguze. Kilichopotea ni hamu ya kula mchana, githeri ilikuwa inarudi nyumbani vilevile kwenye mkebe. Sasa anashiba asubuhi kabla ya kidonge na anafidia usiku, na kila tukienda kliniki wanampima uzito, urefu na presha.

Kwa hiyo shika hili tu: anayempima asiwe ndiye anayemuuzia. Ukiona kipimo na rafu ya mikebe chumba kimoja, toka, hata kama umepanda ngazi zote.

Na kama umeshatuma amana, niambie hiyo ofisi iko ghorofa ya ngapi. Nahisi ni yuleyule.